Uzi: Kwa nini tembe ya bibi ina ubaridi halafu nyumba yangu ya tofali na bati ni tanuri?

#1 Msukuma Toroli
Wakuu salama? Niende moja kwa moja maana jana sijalala.

Nimejenga Kivule, Dar, vyumba vitatu, tofali za saruji inchi 6, plasta ndani na nje, bati la msauzi geji 28 (ndo unene wa bati) rangi ya chokoleti, silingi ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, tailizi mpaka kibarazani. Miaka minne nimejinyima hata nyama. Sasa nikiingia chumbani saa nne usiku ni kama nimefungua tanuri la mikate, feni inapuliza joto tu, mke kahamishia godoro sebuleni karibu na mlango na watoto wanalala juu ya tailizi wamejipanga kama kambale.

Mwezi uliopita nikaenda Bahi, Dodoma, kumwona bibi. Bibi anakaa kwenye tembe, ukuta miti na udongo, juu udongo, kidirisha kimoja cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Nje jua la saa nane linachoma mpaka kuku wamejificha, naingia ndani, jamani, kama nimeingia kwenye mtungi. Nililala mchana masaa matatu na usiku nikaomba blanketi.

Nyumba ya bibi haina hata mfuko mmoja wa saruji. Mimi nimekosea wapi?

#2 Kijiko Cha Mwiko
Nasubiri wajuzi, nimekaa hapa na karanga zangu.

#3 Fundi Timazi
Mkuu pole. Kosa liko juu ya kichwa chako, bati. Bati likipigwa na jua nusu saa tu hulishiki kwa mkono, na lile joto linashuka kwenye silingi, silingi nayo inakushushia wewe. Halafu ukachagua rangi ya chokoleti! Rangi nyeusi nyeusi zinakunywa jua. Ungepiga nyeupe au hata lile la zamani lisilo na rangi ungepata nafuu. Wateja nikiwaambia wanasema fundi mshamba, jirani kapaka chokoleti.

#4 Mjukuu wa Mtemi
Tembe naijua, nimezaliwa humo. Wengi wanadhani ni ukuta wa udongo tu ukawekewa kofia. Hapana. Unasimamisha nguzo kwanza, juu zinalala boriti, juu ya boriti fito na matawi, halafu nyasi, halafu ndo udongo unapandishwa kwa ungo na unashindiliwa kwa miguu. Ukuta unakuja baadaye, hata ukianguka paa linabaki limesimama. Babu yangu paa lake lilikuwa linaota nyasi masika na mbuzi wanapanda kula juu huku sisi tumelala chini. Sasa jua lianze kupasha udongo wote ule mpaka limfikie mtu ndani, linakuta jioni imeingia. Siri ndo hiyo.

#5 Kijiko Cha Mwiko
#4 mbuzi wanakula paa. Nimecheka kwa sauti kwenye daladala.

#6 Kipepeo Cha Pwani
Samahani ila #3 na #4 wote mnaruka kitu kimoja. Mtoa mada analinganisha Bahi na Kivule! Dodoma iko bara, juu kwa mamia ya mita kutoka usawa wa bahari, hewa kavu, usiku unapoa kweli kweli. Dar usiku wa Januari haupoi, na jasho halikauki kwa unyevu. Beba hiyo tembe ya bibi ilete Kivule uone kama hutalala nje. Ukuta mnene unafanya kazi kama usiku unaupoza, kama usiku nao ni wa moto basi ukuta unakaa na joto lake tu.

#7 Msukuma Toroli
#6 sasa hii ndo imenichanganya. Mbona nyumba ya udongo na makuti ya jirani yangu hapa hapa Kivule, yule mzee aliyetukuta, ukikaa kwake mchana unasinzia?

#8 Kipepeo Cha Pwani
Kwa sababu ya makuti, sio udongo. Makuti yanapumua. Na nina uhakika huyo mzee ana miembe.

#9 Msukuma Toroli
Anayo miwili 😂 Mimi ya kwangu niliikata nikachomee tofali za msingi wa fensi.

#10 Bibie wa Uani
Kaka umekata miembe halafu unakuja kuuliza joto limetoka wapi. Haya.

#11 Yakhe Chokaa
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya familia. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene dhiraa moja na ushei, dirishani unaweza kuketi na kikombe cha kahawa na mgongo usiguse ndani. Hapa hewa ni hii hii ya pwani anayoisema #6, unyevu ndo usiseme, na chumba cha chini mchana kina ubaridi. Kwa hivyo hiyo kanuni ya kuwa ukuta mnene haufai pwani mie siikubali. Ila dari zetu ni refu mno na vichochoro vyembamba, jua halifiki ukutani isipokuwa saa sita. Yaani nyumba zinapeana kivuli zenyewe kwa zenyewe.

#12 Mla Mkate wa Mofa
Naongezea #11 kutoka Lamu. Vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba, watu hudhani ni mapambo, si mapambo, ni boriti. Boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa, kama mita 2 na nusu hivi, basi chumba chafuata mti. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa, paa bapa. Na wengi wakaja wakaongeza banda la makuti juu ya hilo paa, ikawa paa lina mwavuli. Hiyo mnayoiita siri kwetu ni hiyo, jua lipige makuti, makuti yasiguse paa, upepo upite katikati. Mtoa mada jaribu.

#13 Fundi Timazi
#12 ajenge banda la makuti juu ya msauzi? Jirani zake watamwitia mganga.

#14 Kijiko Cha Mwiko
Kwani Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani huko Unguja, nayo si ilikuwa ya mawe na boriti hivyo hivyo? Ile ya 1893. Mbona iliporomoka.

#15 Yakhe Chokaa
1883, yakhe, wakati wa Sultan Barghash. Na ile ina nguzo za chuma kuzunguka vibaraza, si nyumba ya kawaida. Iliporomoka upande mmoja Desemba 25 mwaka 2020. Ila usiseme mawe ni mabaya. Ugonjwa mkubwa wa nyumba zetu ni maji kuingia juu, boriti zinaoza, na watu kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa inavuta unyevu na kuutoa, saruji inauziba, maji yanabaki ndani ya ukuta yanakula taratibu. Marehemu baba alimkataza fundi, fundi akangoja baba kaenda msikitini akapiga saruji chumba kizima. Miaka mitatu plasta yote ikaja chini na vipande vya ukuta.

#16 Dada Papasi
Mimi ni nesi, nimefanya kazi vijijini Dodoma. Naomba nivunje hii sherehe kidogo. Tembe ni nzuri kwa ubaridi, sawa, ila zile sakafu za udongo na nyufa za ukuta ndimo wanamokaa papasi, jamii ya kupe. Wanatoka usiku wanakunyonya, asubuhi hujui. Homa ya papasi inakuja inaondoka inarudi, mtu anatibiwa malaria mara tatu bila kupona, na kwa mama mjamzito ni hatari kwake na kwa mimba. Nimewaona. Sasa mnaposema bibi anafaidi, muulizeni bibi.

#17 Mjukuu wa Mtemi
Dada #16 kweli kabisa, sisi tulikuwa tunamwaga majivu na kupiga sakafu na samadi. Mgeni ndo alikuwa anaugua zaidi, wenyeji tulionekana tumezoea. Na masika lazima upande juu kuongeza udongo pale panapovuja, ukichelewa siku moja unalala na sufuria kitandani. Sidanganyi watu.

#18 Msukuma Toroli
Sasa hapa niseme kitu nilichokificha. Bibi mwenyewe hataki tembe. Nilipomwambia "bibi nyumba yako ina raha", akaniangalia, akasema "raha unayo wewe uliyejenga, mimi nangoja bati." Anasema wenzake wote wamepigiwa bati na wajukuu zao, yeye tu ndo kila mvua anapandisha kijana juu na ndoo ya udongo. Nilimuahidi mwaka juzi.

#19 Bibie wa Uani
Hapo sasa. Uzi wote wanaume mnasifia udongo, aliyemo ndani anataka bati.

#20 Darasa la Jioni
Hili ni jambo la zamani. Mwalimu Nyerere mwaka 1977, kwenye tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, alilalamika kuhusu hiki hiki, kwamba watu wamepagawa na saruji na bati, mtu ana udongo mzuri wa kuchomea tofali na vigae lakini anasubiri miaka mpaka apate bati na "udongo Ulaya". Udongo Ulaya ndo saruji hiyo. Miaka karibu 50 bado tuko pale pale.

#21 Fundi Timazi
#20 heshima kwa Mwalimu ila tofali za kuchoma nazo ni kuni. Nimechoma Iringa, tanuri moja linakula magogo ya kujaza lori. Ndo mambo ya mtoa mada na miembe yake. Siku hizi kuna tofali za kufungamana, udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa kwenye mashine ya mkono na kukaushwa kivulini, hazichomwi wala hazitaki udongo wa kuungia kila kozi. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezipigia debe miaka mingi. Tatizo udongo wa kichanga mno au wa mfinyanzi mno haufai, na mafundi wetu wengi wanazipanga kiholela mvua ikipiga ukuta unachubuka.

#22 Kijiko Cha Mwiko
Swali dogo nje ya mada, mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi za inchi 6? Jirani kapewa 50.

#23 Fundi Timazi
50 hiyo ni biskuti. Ukiidondosha kutoka kiunoni ikipasuka unga, kawarudishie. 30 na kitu ndo maneno.

#24 Msukuma Toroli
Hata mimi nilipewa za 45, kwa yule jamaa wa tofali wa mtaani kwetu (jina nalihifadhi). Ukichomeka msumari unazama kama kwenye kiazi.

#25 Abu Kahawa
Salaam kutoka Muscat, nimekaa huku miaka 14. Nasoma uzi wenu nikiwa ndani ya eisii, nje wananchi wanapikwa. Huku ndo mtaona kwamba nyote mna haki. Bara kule milimani, mji kama Al Hamra, kuna nyumba za udongo za ghorofa, kuta nene, madirisha madogo, ukiingia mchana unahisi raha. Pwani wao zamani walijenga barasti, makuti ya mtende yaliyosukwa, upepo unapita kwenye ukuta wenyewe. Nchi moja, nyumba mbili tofauti kabisa, kwa sababu bara usiku unapoa na pwani haupoi. #6 anapata alama. Na hata hao wa kuta nene wazee wananiambia kiangazi walikuwa wanalala juu ya paa, si ndani.

#26 Yakhe Chokaa
Hata sisi tulilala juu. Hiyo siihesabu kuwa kuta hazifai, hiyo ni usiku, mie nimesema mchana.

#27 Kipepeo Cha Pwani
#26 sasa mtoa mada analalamika SAA NNE USIKU. Tusome swali jamani.

#28 Dirisha Bovu
Nimechelewa. Mbona hakuna aliyeuliza madirisha? Amesema aluminiamu, naamini ni ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hata ukilifungua lote unapata nusu ya nafasi, kioo kimoja kinafichwa nyuma ya kingine. Ukaweka wavu wa mbu, umepunguza tena. Nyumba za Uswahilini zile za vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukifungua mlango wa mbele na wa uani ule ukumbi wa katikati ni bomba la upepo, mabibi wanakaa hapo kusuka mkeka. Tulikuja tukazicheka tukachora nyumba za masta bedrumu na korido inayoishia kwenye ukuta.

#29 Msukuma Toroli
#28 ni za kusukuma, na korido inaishia kwenye choo. Umeniroga.

#30 Fundi Timazi
Halafu uliza mbele yake inatazama wapi. Nyumba ndefu inatakiwa ubavu wake uangalie kaskazini na kusini, jua letu linachoma mashariki na magharibi. Na upepo wetu ni kaskazi na kusi, kaskazi unatoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, kusi unakuja toka kusini mashariki. Watu wanajenga kuangalia barabara tu.

#31 Msukuma Toroli
Jamani nimefanya utafiti wangu wa Jumamosi. Nimeazima kipimajoto cha banda la vifaranga la shemeji. Saa tisa mchana nje kivulini 33, chumbani 34, nikisimama juu ya meza karibu na silingi 38. Hapo nikasema #3 kashinda. Saa nne usiku nje 27, chumbani 32. Nikapanda tena mezani, silingi imeshapoa, naishika vizuri. Nikaweka mkono ukuta wa magharibi, kitanda kimeegemea hapo, una uvuguvugu kama chapati iliyoachwa kwenye hotipoti. Ukuta wa mashariki kawaida. Nikafungua mlango na dirisha la sebuleni, kwa nusu saa ikashuka mpaka 30.

#32 Fundi Timazi
Silingi 38! Nilisema.

#33 Mjukuu wa Mtemi
Ukuta uvuguvugu! Inchi 6 ya saruji imeshiba jua jioni inatapika usiku. Ungekuwa wa udongo mnene lisingefika ndani.

#34 Dirisha Bovu
Amefungua mlango ikashuka digrii 2. Naomba mnisikilize hata mimi.

#35 Kipepeo Cha Pwani
Nje 27 usiku, hata Bahi hakuna kitu kama hicho Juni. Nakaa kimya.

#36 Dada Papasi
Umepima siku moja kwa kipimajoto cha vifaranga na kila mtu anashangilia timu yake. Ila hamisha kitanda kutoka ukuta wa magharibi leo leo, hiyo haina gharama.

#37 Msukuma Toroli
Dada nimehamisha jana. Mke kasema afadhali. Sina uhakika ni afadhali ya kweli au ya kunipa moyo.

#38 Rufiji Asili
Kwetu Rufiji tuna dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu shambani kulinda mpunga na mafuriko yakija maji yanapita chini. Upepo chini, upepo pembeni, nimelala humo hakuna feni duniani inafikia. Shida nguruwe wakitikisa nguzo usiku.

#39 Mla Mkate wa Mofa
Mtoa mada panda makuti ukuta wa magharibi, kivuli tu, kama kibaraza. Bei rahisi kuliko kubadilisha bati.

#40 Fundi Timazi
Au mwembe. Ila kumbuka atasubiri miaka.

#41 Bibie wa Uani
Alikuwa nayo tayari, ndo kinachoniuma.

#42 Msukuma Toroli
Asanteni wakuu. Kibaraza cha makuti naanza mwezi ujao, madirisha nitabadili chumba kimoja kwanza nione. Ila kuna hili, Ijumaa napanda basi kwenda Bahi na bibi kapiga simu tena. Nimemsomea baadhi ya majibu yenu, nikamwambia bibi watu wanasema ukiweka bati utapikwa. Akauliza hao watu wanakaa wapi. Nikasema mjini. Akasema waambie wakija wanitengenezee paa mvua ikinyesha.

Kwa hiyo naombeni ushauri wa mwisho, na tafadhali msigombane: bati la bibi ni geji 28 au 30, na niweke silingi ya nini chini yake isipike mtu? Kuta nitaziacha za udongo, amekataa zisiguswe.

#43 Mjukuu wa Mtemi
Geji 28, rangi nyeupe, na funga kamba za chuma vizuri, upepo wa Bahi unang'oa. Paa la udongo usilibomoe lote, acha chumba kimoja cha kulala mchana.

#44 Fundi Timazi
#43 hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza. Rangi nyeupe.

#45 Msukuma Toroli
Bibi anataka chokoleti. Amesikia nyumba yangu ni ya chokoleti.